Kilio Huanza Mfiwa

Kama ndani ya nyumba yumo mjamzito, au mzazi aliyejifungua majuzi, mwite naye asogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni yake.

Nikurudishe nyuma kidogo, Agosti 2016, michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Wapenzi wa riadha mtakumbuka mbio za wanawake za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Katika mchujo, timu ya Marekani iliangusha kijiti baada ya Allyson Felix kugongwa na mkimbiaji wa timu ya jirani pale pale alipokuwa akimkabidhi mwenzake. Wakakata rufaa, wakaruhusiwa kukimbia upya, peke yao uwanjani, wakishindana na saa tu. Wakafuzu. Usiku wa pili yake, huku kwetu ikiwa ni alfajiri, wakapangwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali ambayo mkimbiaji wa mbio fupi haitamani. Tianna Bartoletta akaanza, akampa Felix, Felix akampa English Gardner, Gardner akampa Tori Bowie, na Bowie akaondoka nacho hadi mwisho. Sekunde 41.01. Dhahabu. Wanawake wanne weusi, wenye miili iliyotunzwa na kupimwa kuliko ya yeyote anayenisikiliza sasa hivi.

Katika hao wanne, watatu walikuja kufika ukingoni mwa kaburi kwa sababu ya uzazi, na mmoja hakurudi.

Felix, mwaka 2018, presha ya mimba ilimpanda akiwa wiki ya 32. Akapasuliwa haraka, binti yake akazaliwa njiti, akawekwa chumba cha uangalizi maalumu. Tianna aliingia hospitali kujifungua akiwa na mimba ya wiki 26 tu, na baadaye alieleza mwenyewe hadharani kwamba alikwenda huko akiwa na wosia wake mkononi, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kurudi nyumbani. Hebu lifikirie hilo: mwanamke anafungasha kanga, nguo za mtoto na wosia. Na Tori Bowie, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida tarehe 2 Mei 2023, peke yake, mimba ikiwa na miezi kama minane. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kuwa uchungu ulikuwa umemwanza, na ukataja kifafa cha mimba kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa ndiyo yaliyomwua. Alikuwa na miaka 32. Mtoto wake wa kike naye hakuishi.

Nimeanza na wanariadha kwa makusudi. Tukisikia mama amekufa kwa uzazi, akili zetu hukimbilia haraka kwenye umaskini, au ujinga, au mwili dhaifu. Nataka tuliondoe wazo hilo mezani kabla hatujaendelea.

Sasa takwimu, nami nitazitaja polepole. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema mwaka 2023, katika kila vizazi hai 100,000, walifariki akina mama weusi 50.3. Kwa akina mama weupe, 14.5. Yaani zaidi ya mara tatu. Mwaka uliotangulia weupe walikuwa 19.0 na weusi 49.5. Kwa hiyo katika mwaka mmoja weupe walipata nafuu kubwa, na weusi wakabaki palepale. Na kituo hichohicho, baada ya kupitia vifo kimoja kimoja vya miaka ya 2017 hadi 2019, kilihitimisha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo vinavyotokana na ujauzito vingeweza kuzuiwa.

Najua yupo msikilizaji, pengine Tabora, pengine Kwale, anayejiuliza: mbona tuwalilie Wamarekani? Tanzania, kwa utafiti wa mwaka 2022, ni vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na tumeshangilia kwa haki kwa sababu utafiti wa 2015 hadi 2016 ulikuwa umetoa 556. Swali lako ni la haki. Wauguzi wetu hufundishwa kwamba mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Sisi tumehangaika miaka mingi na huko kufika: barabara ya matope, daraja lililochukuliwa na maji, gari la wagonjwa lisilokuwepo. Ndiyo maana leo Tanzania ipo namba 115 ya m-mama ya kuita usafiri wa dharura. Tunaamini, na tuna sababu ya kuamini, kwamba mama akifika penye daktari, damu na umeme, amepona.

Basi wenzetu wa Marekani wanatuonyesha namna ya tatu ya kuchelewa ikiwa imesimama peke yake, uchi. Huko mama amefika. Yuko kitandani, mashine zinalia pembeni yake, benki ya damu iko ghorofa ya chini. Na bado anakufa.

Kira Johnson alikuwa mama wa namna hiyo. Aprili 2016, Los Angeles, alikwenda kujifungua mtoto wa pili kwa upasuaji uliopangwa mapema. Mtoto wa kiume akatoka salama. Baadaye mumewe, Charles Johnson, akaona mpira wa mkojo umeanza kuwa mwekundu. Akamwita muuguzi. Kipimo kikaagizwa kifanyike mara moja, hakikufanyika. Saa zikapita, mke anatetemeka kwa baridi, mume anabembeleza. Charles ameeleza mbele ya wabunge wa nchi yake kwamba katika kubembeleza huko aliambiwa mkewe kwa wakati ule hakuwa wa kupewa kipaumbele. Zilipita kama saa kumi ndipo akarudishwa chumba cha upasuaji, na tumbo lilipofunguliwa lilikuwa limejaa damu. Kira alikuwa na miaka 39.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Charles alianza kulia, lakini alilia akitembea. Alianzisha chama kwa jina la mkewe, akawa anapanda ngazi za bunge akiwa na wanawe wawili mawazoni, na Desemba 2018 ikasainiwa sheria inayoyapa majimbo fedha za kuunda kamati za kuchunguza kila kifo cha mama: alikufa kwa nini, nani alimwona, ni saa ngapi, nini kingefanyika. Unaweza kushangaa kwamba taifa lile tajiri lilikuwa halihesabu vizuri vifo vya wazazi wake. Nami nilishangaa.

Mwaka uliofuata kifo cha Kira, ilikuwa zamu ya Serena Williams. Yeye alipona, na aisifuye mvua imemnyea. Alijifungua Septemba 2017 kwa upasuaji. Siku ya pili yake akaishiwa pumzi. Serena alikuwa na historia ya damu kuganda, akajua mara moja kinachomjia. Akamfuata muuguzi, akamwambia waziwazi anataka kipimo gani na dawa gani. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya mama huyu. Daktari akaja na mashine ya kupima miguu. Miguu haikuwa na kitu. Serena akasisitiza. Walipompima mapafu, wakakuta mabonge ya damu. Sasa jiulize: mwanamke aliyeshinda mataji makubwa 23 ya tenisi, mwenye sura inayojulikana dunia nzima, ilimbidi ashikilie neno lake akiwa hana pumzi. Yule anayefanya kazi ya usafi hotelini, asiyejulikana na mtu, atashikilia kwa nguvu gani?

Na yupo Dokta Shalon Irving. Kisa chake ndicho kinachoniuma kuliko vyote, sijui kwa nini; labda kwa sababu alikuwa akiusoma ugonjwa uliomwua. Alikuwa mtafiti pale pale CDC, mjini Atlanta, mwenye shahada ya uzamivu, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ubaguzi na maisha magumu vinavyoharibu afya za watu. Alijifungua binti mwanzoni mwa Januari 2017. Wiki zilizofuata alirudi kliniki mara kwa mara: kidonda, presha, mguu kuvimba, uzito kupanda. Kila mara akarudishwa nyumbani. Wiki tatu baada ya kujifungua akaanguka, akafa, akiwa na miaka 36. Mama yake, Wanda Irving, alibaki na mjukuu mchanga mikononi. Bibi huyo amegeuza msiba wake kuwa kazi, akaanzisha mradi unaobeba jina la binti yake. Na wewe mama uliyewahi kumlea mjukuu yatima unajua, mtoto yule anapokua kila siku anazidi kufanana na marehemu.

Utafiti wa CDC uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha jambo ambalo kisa cha Shalon kinalibeba chote. Mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu alikuwa na hatari ya kufa kwa uzazi zaidi ya mara tano ya mweupe mwenye shahada kama yake. Tena alimzidi kwa hatari hata mweupe ambaye hakumaliza sekondari. Elimu, tunayoiita mkombozi wa mtoto wa kike, na mimi mwenyewe nimeihubiri hapa redioni mara ngapi, haikumkomboa.

Wapo waliosema labda ni damu yao, labda ni asili ya mwili wa Mwafrika. Hiyo nayo ina historia yake, na si nzuri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi weupe wa udaktari na madaktari wanaofanya mazoezi, wakakuta takriban nusu yao wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile ngozi yao kuwa nene zaidi. Na walioamini hivyo walikuwa wepesi kuyapunguza maumivu ya mgonjwa mweusi. Mtu akiamini huumii, atakupaje dawa ya maumivu? Atakuja mbio ukiita?

Imani hiyo ina mahali ilipotokea. Twende Montgomery, Alabama, kati ya mwaka 1845 na 1849. Daktari mmoja, J. Marion Sims, alikuwa akitafuta njia ya kushona fistula ya uzazi. Hapa sina haja ya kueleza fistula ni nini. Wengi wenu mnamjua dada au shangazi aliyekaa na uchungu siku tatu, mtoto akafa, na mkojo ukabaki ukivuja, mume akamkimbia. Sims aliwachukua wanawake watumwa waliokuwa na ugonjwa huo, akawapasua mara kwa mara bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu tumeachiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa kama mara 30. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali; mtumwa haulizwi. Mwishowe mshono ukashika, na Sims akaitwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake, akajengewa sanamu New York.

Lakini sikiliza. Mwanamke wa Kigoma au Kilifi anapoletwa leo kushonwa fistula, kama wanavyoshonwa pale CCBRT Dar es Salaam, njia ya tiba ile ilipita kwenye mwili wa Anarcha. Tuna deni kwake, na wengi wetu hatujawahi kulitaja jina lake. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park Aprili 2018 baada ya wanawake weusi na wenzao kuandamana wakidai iondoke. Na mwaka 2021 msanii Michelle Browder alisimamisha Montgomery sanamu za Anarcha, Lucy na Betsey, wanawake watatu warefu waliotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyookotwa na kuchangwa.

Utumwa ukaisha, mikono ikabaki mwilini mwao. Mwaka 1961, Mississippi, Fannie Lou Hamer, mkulima wa pamba, alikwenda hospitali kutolewa uvimbe mdogo tumboni. Aliporudi nyumbani alikuwa hana kizazi. Hakuambiwa na daktari. Habari zilimfikia kwa maneno ya watu shambani. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba wanawake wa huko waliliita kwa utani mchungu upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi. Hamer baadaye alikuja kuwa sauti kubwa ya kudai haki ya kupiga kura, na alilisema hadharani: kwa hesabu yake, wanawake weusi sita kati ya kumi waliopita katika hospitali ya kaunti yake walifungwa uzazi. Na mwaka 1973, Montgomery tena, mabinti wawili wa familia ya Relf, mmoja miaka 14 na mwingine 12, walifungwa uzazi. Mama yao hakujua kusoma. Aliweka alama ya X kwenye karatasi akiamini wanapewa sindano. Kesi ilipofika mahakamani, ikaonekana kuwa kila mwaka maskini kati ya 100,000 na 150,000 walikuwa wakifungwa uzazi kwa fedha za serikali.

Ukiyajua hayo, utaelewa kilichotokea Chicago.

Juni 1994, wanawake weusi 12 walijikuta katika mkutano wa watetezi wa haki za uzazi. Wakati huo mjadala mzima wa Marekani ulikuwa juu ya jambo moja: mwanamke aruhusiwe au asiruhusiwe kutoa mimba. Wanaharakati weupe walikuwa na neno lao, kuchagua. Wale 12 wakakaa pembeni usiku, wakaulizana: kuchagua kwa nani? Hamer alichagua nini? Mama Relf alichagua nini? Mwanamke asiye na bima, asiye na nauli, anayeishi jirani na kiwanda kinachotoa sumu, anachagua kati ya nini na nini? Wakaunganisha maneno mawili, haki ya jamii na haki ya uzazi, wakapata neno jipya, na chini yake wakaweka mambo matatu kwa uzito uleule: mwanamke awe na haki ya kutozaa, awe na haki ya kuzaa, na awe na haki ya kuwalea wale aliowazaa mahali penye usalama na afya. Miongoni mwao walikuwamo Loretta Ross na Toni Bond. Hawakuwa na ofisi. Walichangisha, na kabla mwaka haujaisha wakanunua ukurasa mzima wa gazeti la Washington Post, wakaweka tamko lenye saini zaidi ya 800. Mwaka 1997 likazaliwa shirika la SisterSong, ambalo makao yake yako Atlanta.

Hawakuanzia jangwani, nalo tuliseme. Mwaka 1983, katika chuo cha Spelman mjini humohumo Atlanta, Byllye Avery alikuwa ameshawaita wanawake weusi kuja kuzungumza juu ya afya zao, wakaja karibu 2,000. Walitoka vyuoni na walitoka mashambani.

Ni hiyo haki ya pili, ya kuzaa, na ya tatu, ya kulea, ambayo mimi naona wanawake hawa waliifundisha dunia. Kwetu huku mwanamke asipozaa anasutwa, na akizaa wengi anasutwa. Mara nyingi mjadala wa uzazi wa mpango umeletwa kwetu kana kwamba tatizo letu ni moja tu, kuzaa kupita kiasi. Wale 12 wa Chicago walilisema kwa ujasiri kwamba kumnyima mwanamke watoto anaowataka ni dhuluma ileile. Hapo binti wa Kiswahili na binti wa Mississippi wanaelewana bila mkalimani.

Tena zamani wanawake weusi wa Marekani walikuwa na wakunga wao. Georgia alikuwapo Mary Coley, aliyewazalisha akina mama zaidi ya 3,000, weusi kwa weupe, na mwaka 1953 ikatoka filamu ya mafunzo inayomwonyesha kazini, iliyotumika kuwafundisha wakunga wengine. Mkunga yule alikuja mapema, akachemsha maji, akakaa, na baada ya kujifungua akarudi kumtazama mzazi. Kisha sheria zikawabana mmoja mmoja. Alabama ilifunga mlango wa leseni zao mwaka 1976. Uzazi ukahamia hospitali, na hilo liliokoa wengi, siwezi kulikana. Ila kuna kitu kilibaki nyuma kwenye kizingiti cha nyumba.

Ninachokisema ni arobaini. Pwani yetu, na bara pia, mzazi hukaa ndani siku 40. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mama mzazi au shangazi analala chumba kimoja naye. Wazee wetu hawakuwa na mashine ya presha, lakini hawakumwacha mzazi peke yake hata usiku mmoja. Sasa sikia tena takwimu za CDC: zaidi ya nusu ya vifo vile vinavyotokana na ujauzito hutokea kati ya wiki moja na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Wakati mama keshatoka hospitali, maua yameshanyauka, wageni wamekwisha. Na Marekani haina sheria ya taifa ya likizo ya uzazi yenye malipo. Tanzania sheria inampa mwajiriwa siku 84 za malipo, Kenya miezi mitatu. Bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, Medicaid, ambayo hulipia kama vizazi vinne kati ya kumi nchini humo, ilikuwa ikimwacha mzazi baada ya siku 60. Wanawake hawa walipiga kelele miaka, na tangu 2022 majimbo yakaruhusiwa kuirefusha hadi miezi 12. Karibu yote yamefanya hivyo. Huo ni ushindi wa kuhesabika.

Ndani ya bunge sauti yao imebebwa na Lauren Underwood wa Illinois, muuguzi kwa taaluma, ambaye pamoja na Alma Adams walianzisha mwaka 2019 kundi la wabunge wanaoshughulikia afya ya wazazi weusi. Walileta miswada zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja: fedha za wakunga na wasindikizaji wa uzazi, lishe, makazi, afya ya akili. Ule wa akina mama waliotumikia jeshi ulisainiwa Novemba 2021. Mingine imebaki ikisubiri. Huko Florida mkunga Jennie Joseph, mzaliwa wa Uingereza, amefungua kliniki isiyomrudisha mjamzito mlangoni kwa kukosa bima au pesa. Na kila mwaka, tarehe 11 hadi 17 Aprili, muungano wa Black Mamas Matter huadhimisha wiki ya afya ya mama mweusi, tangu 2018.

Yapo pia yaliyorudi nyuma. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta ulinzi wa kitaifa wa utoaji mimba, na majimbo mengi ya kusini, wanakoishi weusi wengi, yakapiga marufuku. Najua suala hili linagawa misikiti, makanisa na hata vitanda vya ndoa, na mimi sitalimaliza leo. Ila kuna tukio moja lazima nilitaje. Agosti mwaka huohuo, mama mmoja mweusi wa Georgia, mwenye miaka 28 na mtoto wa kiume mdogo, alifika hospitali akiwa na maambukizi, masalia ya mimba yakiwa bado tumboni. Kusafishwa kizazi ni kazi fupi ambayo kila mwanafunzi wa udaktari anaijua. Alisubiri kama saa 20, akafia mezani. Kamati ya jimbo ikaamua kwamba kifo kile kingezuilika. SisterSong ndiyo iliyoongoza kesi ya kuipinga sheria ya Georgia.

Kabla sijakuaga, nina neno kwa wanaonisikiliza kwa simu wakiwa mbali. Wapo ndugu zetu wengi, hasa wa Kongo waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, ambao leo wanazaa watoto Kentucky, Ohio, Texas. Dada yangu uliye huko: ukiingia mlango wa hospitali, kwa rangi yako wewe ni mmoja wa hao niliowataja jioni hii, na Kiingereza chako bado kigeni. Hospitali inayopokea fedha za serikali inapaswa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mdai. Usikubali mwanao wa darasa la nne awe ndiye anayemweleza daktari habari za kizazi chako. Nenda na mtu: dada, jirani, mama wa kanisani au wa msikitini, mtu atakayesema pale wewe utakapoishiwa nguvu.

Na kwenu nyote, Bukavu, Mombasa, Mwanza, Columbus. Mzazi wenu akilalamika kichwa kinamgonga na hakipoi, akiona maruweruwe, akiishiwa pumzi, kifua kikimbana, mguu mmoja ukivimba na kuuma, homa ikimpanda, au damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, hata kama amejifungua wiki sita zilizopita, usimwambie ni uchovu wa kunyonyesha. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Ukifika, sema kwa sauti: mama huyu amejifungua. Wakisema msubiri, kaa naye, na sema tena.